Juu ya kabati kuna maboksi 14, na mwanangu haruhusiwi kuyagusa

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 45, ni mhasibu hapa Dar es Salaam, nina mke na watoto wawili. Jambo hili sijamwambia mtu. Najua nikilianza tu jamaa zangu watacheka, na mimi silioni la kuchekesha.

Nimezaliwa Iringa, tulikuwa tunakaa Kihesa. Baba alikuwa dereva kwenye mradi wa maji vijijini uliofadhiliwa na Denmark. Mwaka 1988 injinia mmoja wa mradi, aliyekuwa akikaa Gangilonga na familia yake, alimaliza mkataba wakarudi kwao. Mkewe akampa baba ndoo nyeupe yenye mfuniko, imejaa matofali ya Lego, vile vipande vya plastiki vya kuchezea vinavyoungana. Mimi nilikuwa na miaka 8, dada yangu 11.

Sijui nikuelezeje ndoo ile. Tuliimwaga juu ya kanga ya mama iliyotandikwa sakafuni, ili jioni tukishika pembe nne za kanga kila kitu kirudi ndooni bila kipande kupotea. Mpaka leo nikisikia mtu anamwaga maharage kwenye sinia ayachambue, moyo unanishtuka. Tulijenga Landi Rova ya baba. Tulijenga pampu ya maji, kanisa lenye mnara, basi la kwenda Makambako. Vipande vilivyong'ang'aniana dada alivibandua kwa meno. Mwaka 1994 baba alihamishiwa Dar nikiwa shule ya bweni, na niliporudi likizo nikakuta ndoo haipo. Lori lilikuwa limejaa, mama akaigawa kwa majirani. Sikuulizwa, na mimi sikusema neno.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa natafuta kifungo cha shati kwenye kopo la mama la vifungo. Mama anakaa na sisi tangu baba afariki. Chini kabisa nikakuta vipande 9 vya ile ndoo, vimesahaulika humo miaka yote: matofali matatu ya bluu, mawili ya kijivu, matairi mawili, kioo cha njano kinachopitisha mwanga, pembeni kina alama za meno ya dada, na kijitu chekundu chenye sayari ya dhahabu kifuani. Kofia yake imekatika kidevuni. Nilikaa chini pale pale. Usiku huo nilitafuta kwenye intaneti nikagundua kwamba vingi vilitoka kwenye chombo kimoja cha anga cha Lego cha mwaka 1979.

Tangu hapo sijatulia. Naagiza Lego mpya kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai. Nina maboksi 14, hakuna nililolifungua. Nilisoma kwamba yakikaa yanapanda bei, kuna utafiti uliokuta faida ya asilimia 11 kwa mwaka, nikajiambia huu ni uwekezaji. Mwezi Machi ilikuwa zamu yangu ya kupokea mchezo kazini, shilingi milioni 1.8, na tulikubaliana na mama watoto pesa hiyo imalizie dari ya chumba cha watoto. Nilichukua milioni 1.2 nikanunua kile chombo chenyewe cha 1979, pamoja na boksi lake la zamani, kwa muuzaji wa Ujerumani. Mke wangu nilimwambia mchezo umechelewa. Kilipofika nilijifungia chumbani nikakiunga, nikakitazama, nikakibomoa nikakirudisha kwenye boksi. Sikuhisi chochote, Mjomba.

Wiki mbili zilizopita mwanangu wa miaka 8 alipanda kiti, akashusha boksi moja, akalichana kwa kisu cha jikoni na kuchanganya vipande na vile vya kwake vya Kariakoo. Nilimfokea mpaka akalala bila kula. Mama watoto akaniuliza boksi lile ni bei gani. Nikasema elfu 60. Hakuniamini, na tangu siku ile mazungumzo yetu ni luku na maji tu.

Je, nina tatizo la akili? Niuze vyote? Au na mtu mzima ana haki ya kuwa na kitu anachokipenda?

Mtoto wa Dereva, Dar es Salaam

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Akili yako ni nzima, hilo nilimalize kwanza. Miaka ya nyuma nilisoma Aarhus, huko huko Denmark, na kila Jumamosi kwenye magulio ya mitumba niliwaona wanaume wenye mvi wamepiga magoti mbele ya masanduku ya plastiki, wanachambua matofali kama mtu anavyochambua dagaa. Hakuna aliyewashangaa. Kampuni ya Lego yenyewe inawajua watu hawa vizuri. Tangu mwaka 2020 inatoa seti, yaani maboksi yenye vipande vya kujengea kitu fulani, zenye alama ya 18+, kwenye maboksi meusi, kwa ajili ya watu wa umri wako na wangu. Chombo chako cha 1979 kilitolewa upya Agosti 2022, kikubwa zaidi, chenye vipande 1,254, kwa kuwa waliokicheza utotoni sasa wana mishahara.

Basi haki unayo. Pesa ya dari ndiyo hukuwa na haki nayo. Ile haikuwa yako peke yako. Ilikuwa na makubaliano juu yake, na umeidanganyia mara mbili, mchezo ulipotoka na boksi lilipochanwa. Mama watoto hakasirikii matofali. Anajiuliza ni nini kingine alichoambiwa elfu 60. Leo usiku, watoto wakilala, mwambie kiasi kamili, boksi kwa boksi, miaka yote mitatu. Wewe ni mhasibu, andika kwenye karatasi umpe aisome. Usianze kwa kumwelezea utoto wako. Anza na namba, ukae kimya akiwa anasoma, na hadithi ya ndoo ije baadaye endapo atataka kuisikia. Ukiitanguliza hadithi utakuwa unamwomba akuhurumie kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na hiyo si haki kwake.

Halafu achana na neno uwekezaji. Utafiti unaousema upo kweli. Watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walifuatilia bei za seti zilizofungwa, za kuanzia 1987 hadi 2015, wakakuta wastani wa takribani asilimia 11 kwa mwaka. Ila wastani huo umebeba ndani yake seti zilizopanda sana na zilizoshuka pia, na wauzaji wake wako Ulaya na Marekani ambako mnunuzi yuko mtaa wa pili na posta ni ya bei nafuu. Wewe uko Dar. Ukiuza boksi kwa mtu wa Hamburg, usafiri peke yake utakula faida. Tena maboksi yako yanakaa juu ya kabati katika jiji lenye unyevu kama huu! Karatasi ngumu inapinda, gundi inaachia, mende wanaipenda ile gundi, na stika zilizomo ndani zinaanza kujikunja kabla hujui. Mnunuzi wa seti iliyofungwa hulipia boksi lisilo na kovu. Miaka kumi ya joto la Dar italiachia makovu mengi.

Sasa nije kwenye kile ulichoniandikia kwa sentensi mbili fupi ukapita haraka: ulikiunga chombo cha 1979, ukakitazama, hukuhisi chochote. Nimeisoma barua yako mara nne na kila mara nasimama hapo.

Mpwa wangu, wewe hukuwahi kuwa na chombo hicho. Hukuwahi kuliona boksi lake wala kitabu cha maelekezo. Chombo kile kilikuwa cha mtoto wa injinia, na pengine hata yeye alikuwa ameshakibomoa kabla ya kukitupia ndooni. Mlichopewa nyinyi ni chungu ya vipande visivyo na jina, na ninyi ndio mliovipa majina: pampu, kanisa, basi la Makambako. Ulitumia milioni 1.2 kununua utoto wa mtu mwingine. Ndiyo maana ulipokitazama hakikukujua.

Mwanahisabati mmoja wa Denmark, Søren Eilers, alikokotoa kwamba matofali 6 tu ya vinundu 8 (vile vivimbe vya juu ya tofali), ya rangi moja, yanaweza kuungana kwa namna 915,103,765. Sita tu! Fikiria ndoo. Hapo ndipo utamu ulipokuwa, na utamu huo hauhitaji boksi wala Ujerumani. Unahitaji chungu ya vipande, kanga, na mtu wa kubishana naye kama hili ni tairi la mbele au la nyuma.

Kwa hiyo nakushauri ufanye hivi. Maboksi yaliyofungwa, chagua mawili unayoyapenda kweli, mengine uza hapa hapa. Wapo wazazi Masaki na Oysterbay wanaoagiza vitu hivi Dubai kila inapokaribia Krismasi. Tangaza kuanzia Oktoba, na uuze kwa bei uliyonunulia hata kama roho inauma. Chombo cha 1979 nacho uza, kwa mtu ambaye kwake ni kumbukumbu. Pesa yote iende kwenye dari mpaka dari iishe. Ikiisha, kubaliana na mama watoto kiasi cha mwezi, kidogo, kinachojulikana, na ukitumie kununua vipande vya mtumba kwa kilo badala ya seti. Ukimpata ndugu au rafiki anayerudi kutoka Uingereza au Denmark, mwombe akupitie kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Na kipande kimoja kimoja unachokitafuta kwa jina kinapatikana BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000 na ambalo kampuni yenyewe ililinunua mwaka 2019. Ila humo ingia na bajeti mkononi, maana humo ndimo watu wanamopotelea.

Mtumba ukifika, uoshe kwa mikono, maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, kisha anika kivulini juu ya taulo. Jua ndilo linalogeuza nyeupe kuwa njano na bluu kuwa kama imeugua. Mashine ya kufulia usijaribu.

Halafu kuna mwanao.

Ole Kirk Christiansen, aliyeanzisha kampuni hii, alikuwa seremala katika kijiji cha Billund, huko Denmark. Mwaka 1924, kabla hajafikiria kabisa mambo ya michezo ya watoto, wanawe wawili wadogo walikuwa wanachezea moto ndani ya karakana, wakawasha maranda. Karakana iliungua, na nyumba ikaungua nayo. Siyo boksi moja, mpwa wangu, nyumba. Mmoja wa watoto hao alikuwa Godtfred, bado mdogo sana. Alikulia kwenye karakana mpya mikononi mwa baba yake, na tarehe 28 Januari 1958 ni Godtfred huyo aliyewasilisha maombi ya hataza (haki ya mvumbuzi) ya tofali lenye mirija midogo kwa chini. Kabla ya hapo matofali yalikuwa matupu ndani, yakishikana kwa ulegevu, ukiinua ukuta unabaki na safu moja mkononi. Ile mirija ndiyo inayobana vinundu kutoka ndani, ndiyo iliyomfanya dada yako atumie meno. Baba yake alifariki mwezi Machi mwaka huo huo.

Sijui Ole Kirk aliwaambia nini wanawe usiku ule wa moto. Ninachokijua ni kwamba mtoto aliyeunguza karakana aliendelea kuruhusiwa kuingia karakana.

Mwombe mwanao radhi. Mwambie kwa maneno, "Baba alikosea kukufokea," usiishie kumnunulia soda. Kisha boksi alilolichana limalizeni pamoja. Usimkalie kichwani kwamba ukurasa wa 14 unasema hivi. Akitaka kuweka mbawa mahali pa magurudumu, mwache. Na vile vya Kariakoo vilivyochanganyika visikuumize roho. Ukitaka kuvitenganisha siku moja, tazama juu ya kila kinundu, cha Lego kimeandikwa jina lake kwa herufi ndogo sana. Lakini yeye mwenyewe ameona vinaingiliana, na kwa mtoto wa miaka 8 hilo limetosha.

Vipande vyako 9, viweke kwenye chungu ya vipande vya mwanao. Najua umeshtuka. Umbali kati ya kinundu na kinundu ni milimita 8, ulikuwa huo mwaka 1958 na ni huo leo. Tofali lako la bluu lililotoka Gangilonga litakaa juu ya lile lililotoka Dubai mwaka jana na kubana kwa mlio ule ule. Hata kile kioo chenye meno ya dada. Kama moyo unagoma kabisa, kitoe hicho kioo peke yake, kipeleke kwa dada yako. Hukuniambia yuko wapi siku hizi wala kama mnaongea.

Yule kijitu mwekundu asitengenezwe. Kofia za miaka ile zilikuwa nyembamba pale kidevuni, zilikatika karibu kwa kila mtoto aliyezivua na kuzivisha, na wauzaji watakushawishi ununue mpya isiyo na ufa. Usinunue. Ufa ule mliuweka ninyi.

Limebaki moja. Umeandika kwamba vipande hivyo vilikuwa "vimesahaulika" kwenye kopo la vifungo. Mpwa wangu, kopo la vifungo huwa halisahauliki. Mama hulifungua kila shati linapokatika kifungo, kila sketi ya shule inapopasuka ndoano, na kila akilifungua humwaga vilivyomo kwenye kiganja au kwenye sahani na kuvipekua kwa kidole. Tangu 1994 mpaka miaka mitatu iliyopita, hesabu mwenyewe ni mara ngapi kidole chake kimemgusa yule kijitu kikamrudisha chini. Ndoo aliigawa kwa kuwa lori lilijaa. Hivi vipande 9 alivitoa ndooni kwanza, kwa mkono wake, akavichagua. Kwa nini matairi mawili? Kwa nini kioo kile cha meno na si kingine kizima?

Umekaa na hasira hii miaka 31 na anayejua jibu analala chumba cha pili. Kesho asubuhi, kabla hujaenda kazini, chukua kopo, kaa karibu yake, umwulize.